Idhini ya Kufundisha

Jina "daktari" analopewa mwenye shahada ya uzamivu limetokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kufundisha. Huko Bologna na Paris, katika karne ya 12 na ya 13, daktari alikuwa mtu aliyepewa idhini ya kukalia kiti na kusomesha. Hakuna aliyemdai ugunduzi. Leo shahada hiyohiyo hutolewa kwa tasnifu, yaani kazi moja ndefu yenye hoja ambayo haijapata kutolewa na mtu mwingine, inayosomwa na watahini wachache na kutetewa mbele yao. Akishaipata, mwenye tasnifu huajiriwa kusomesha mamia ya vijana. Anapimwa kwa jambo moja, anaajiriwa kwa jingine. Ndiyo maana suala la kuwaandaa wanafunzi wa uzamivu kwa kazi ya chuo kikuu, ambalo kwa kawaida huachiwa kamati za mitaala, kwanza ni suala la kifalsafa: je, kujua na kufundisha ni kitu kimoja au viwili? Na ni nani mwenye haki ya kumwambia mtu kwamba sasa anaweza kufundisha?

Istilahi ya Kiswahili yenyewe inabeba sehemu ya jibu. Uzamivu umechotwa kwenye kitenzi cha kuzama, kazi ya mzamia lulu. Mzamia huenda chini peke yake, kwa pumzi yake mwenyewe, mahali ambapo walio chomboni hawamwoni. Lakini hakuna anayemlipa kwa kina alichofika. Hulipwa kwa alichopanda nacho. Kwa upande wa pili lipo neno "chuo", ambalo pwani lilikuwa na maana ya kitabu, kisha mahali watoto wanaposomea Kurani, kabla halijabeba maana ya taasisi kubwa. Msomi aliitwa mwanachuoni, mwana wa chuoni, na heshima yake ilianzia mahali alipolelewa kielimu. Kuzama ni tendo la mtu mmoja, kulelewa ni tendo la wengi, na mafunzo ya uzamivu yanahitaji yote mawili.

Katika elimu ya Kiislamu idhini ya kufundisha huitwa ijaza. Kwa asili yake haitolewi na taasisi. Mwalimu humpa mwanafunzi wake, mara nyingi kwa kitabu mahususi kilichosomwa mbele yake, na huandamana na isnadi, silsila ya walimu inayorudi nyuma hadi kwa mwandishi wa kitabu au mpokezi wa kwanza wa Hadithi. Ijaza haidai kwamba mwenye nayo amewapita wenzake. Inashuhudia kwamba alichopokea amekipokea sawasawa, na kwamba anaaminika kukifikisha kwa mwingine. Elimu hapa ni amana, na amana ina watu watatu: aliyeiweka, anayeishika na anayesubiri kukabidhiwa. Katika madrasa kubwa za zama za kati alikuwapo muidi, mwanafunzi wa ngazi ya juu ambaye kazi yake ilikuwa kuwarudia wenzake somo la mwalimu baada ya darsa na kuwafafanulia palipowatatiza. Vyuo vya pwani vilifuata desturi hiyohiyo bila kuipa cheo: mtoto aliyekwisha kupiga hatua ndiye aliyemshika mkono anayeanza alifu. Hakuna aliyeuliza kama mwanafunzi yuko tayari kufundisha, kwa sababu kufundisha kulikuwa sehemu ya kujifunza kwake.

Ahmad bin Sumait, mzaliwa wa Ngazija wa mwaka 1861 aliyekuja kuwa kadhi Unguja na kufariki huko mwaka 1925, alikwenda hadi Hadhramaut kutafuta walimu, na wanafunzi wakaja Unguja kumtafuta yeye. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, alipoandika habari za wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki, alionyesha kwa makini nani alisoma kwa nani, hata kitabu chake kinasomeka kama mti wa ukoo. Mwanachuoni alitambulishwa kwa walimu wake na kwa wanafunzi wake. Maandishi yake, kama yalikuwapo, yalitajwa baadaye. Wasifu wa msomi wa leo umepindua mpangilio huo: hutangulia orodha ya makala, na majina ya wanafunzi aliowalea hayaonekani, au huonekana kama idadi tu.

Ijaza ilikuwa na ugonjwa wake. Zilitolewa ijaza kwa watoto wachanga ili silsila iwe fupi, na kwa watu ambao mwalimu hakuwahi kuwaona kwa macho. Hati ilibaki, malezi yakatoweka. Historia hiyo inawahusu wote wanaodhani kwamba pengo la mafunzo litazibwa kwa cheti kimoja zaidi.

Wakristo wa Ulaya walilifikia suala la idhini kwa njia nyingine. Mtaguso wa Tatu wa Laterano, mwaka 1179, uliagiza kwamba idhini ya kufundisha isiuzwe, wala asinyimwe anayestahili. Hoja iliyozoeleka miongoni mwa wanasheria wa Kanisa ilikuwa ya kiteolojia: elimu ni kipaji cha Mungu, na kipaji cha Mungu hakiuzwi. Njia ya kuipata idhini hiyo Paris ilikuwa ndefu. Mwanafunzi wa teolojia alisikiliza kwa miaka, kisha akawa na daraja la chini la kufundisha, akisomesha Biblia, halafu kitabu cha Sentensi cha Petro Lombardo, huku akijibu hoja za wapinzani katika midahalo iliyosimamiwa na mwalimu wake. Kanuni za mwaka 1215 zilitaka anayepewa kiti cha teolojia awe ametimiza miaka 35. Thoma wa Akwino, hata hivyo, alikuwa na miaka 31 hivi alipoanza kufundisha kwa cheo kamili mwaka 1256, na hotuba yake ya kwanza aliijenga juu ya mstari wa Zaburi unaosimulia milima inyweshwayo kutoka juu. Mwalimu kwake ni mlima: mvua si yake, lakini bonde hupata maji kupitia kwake. Ni mfano mwepesi kuuelewa kwa anayeishi chini ya Meru au Kilimanjaro.

Thoma alikuwa na mtangulizi wa kumjibu. Augustino wa Hippo, katika mazungumzo aliyoyaandika karibu mwaka 389 akiwa na mwanawe Adeodato, alifikia hitimisho linalotikisa taaluma nzima: hakuna binadamu anayemfundisha mwenzake. Maneno ni ishara tu, na ishara haimfai asiyekijua tayari kinachoashiriwa. Mwanafunzi anapoelewa, hukubali kwa sababu ukweli unamwangazia kutoka ndani, na mwalimu huyo wa ndani, kwa Augustino, ni Kristo. Wengi wasemao leo kwamba ualimu ni kipaji usichoweza kumfunza mtu wamesimama karibu na hapo bila kuwa na imani yake wala umakini wake.

Jibu la Thoma ndilo lenye manufaa zaidi kwa anayetafakari mafunzo ya uzamivu. Analinganisha mwalimu na tabibu. Mwili hupona kwa nguvu yake wenyewe, na tabibu huisaidia nguvu hiyo. Vivyo hivyo akili ya mwanafunzi ina nuru yake, na mwalimu huisaidia kwa kuyapanga mambo yanayojulikana yamfikishe kwenye yasiyojulikana, kwa kufuata njia ileile ambayo akili ingepita kama ingegundua peke yake. Maneno haya ya mwisho ndiyo kiini. Kufundisha ni kuipita upya njia ya ugunduzi, safari hii ukiwa na mwenzako. Kama ni kweli, basi asiyewahi kutafuta jambo asilolijua hawezi kuiongoza safari hiyo, kwa kuwa hajui jinsi mtu anavyopotea na kurudi. Na aliyetafuta akapata, kisha akasahau alivyohangaika, naye hawezi. Uzoefu ambao mtafiti huona aibu kuutaja, yaani miezi aliyofuata swali bovu, jedwali lililokataa kulingana, chanzo alichokisoma vibaya, ndio mali yake kubwa kama mwalimu. Tasnifu iliyokamilika huuficha uzoefu huo wote. Husimulia kana kwamba njia ilinyooka tangu mwanzo. Mafunzo mazuri ya uzamivu yangemtaka mwanafunzi aweke kumbukumbu ya upotevu wake na aizungumze mbele ya wanaoanza.

Upo upande mwingine ambao mitaala haiugusi kabisa, nao ni nia. Abu Hamid al-Ghazali aliteuliwa mwaka 1091 kufundisha katika madrasa ya Nizamiyya ya Baghdad, kiti kilichokuwa miongoni mwa vyenye heshima kubwa kabisa wakati wake. Miaka minne baadaye alikiacha. Ameeleza mwenyewe kwamba aliichunguza nia yake katika kufundisha akaikuta imechafuliwa na kutaka jaha na sifa. Alisitasita kwa miezi, mpaka ulimi wake ukafungika na akashindwa kutamka neno mbele ya wanafunzi waliokuwa wakimsubiri. Alirudi kufundisha mwaka 1106, Nishapur, na anatofautisha waziwazi kufundisha kwa mara ya kwanza na kwa mara ya pili. Hapo katikati aliandika Ihya, ambayo kitabu chake cha kwanza ni juu ya elimu. Humo anaorodhesha wajibu wa mwalimu: awe na huruma ya mzazi, ampe kila mwanafunzi kile akili yake inachoweza kukibeba, asizidharau fani za wenzake machoni pa wanafunzi, na matendo yake yasiyapinge maneno yake.

Orodha hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 900, na kila kipengele chake kinahusu kosa linalotendeka hadi leo. Mhadhiri wa sosholojia anayewaambia wanafunzi kwamba uchumi ni upuuzi, au mwanafizikia anayefanya hivyo kwa fasihi, anawafungia mlango ambao huenda wangeuhitaji. Lakini la nia ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa taasisi za leo zimejengwa juu ya kile alichokikimbia Ghazali. Kupanda cheo hutegemea idadi ya makala. Fedha za utafiti humfuata aliyejulikana. Hakuna ubaya katika kutambuliwa. Ubaya huanza pale ambapo mwanafunzi wa uzamivu anafunzwa namna ya kutambuliwa kabla hajaulizwa anatafuta nini.

Muungano wa utafiti na ufundishaji, kama unavyojulikana sasa, ulipata sura yake Ujerumani. Chuo Kikuu cha Berlin kilifunguliwa mwaka 1810 kwa mawazo ya Wilhelm von Humboldt, aliyeamini kwamba katika elimu ya juu mwalimu hayupo kwa ajili ya mwanafunzi tu: wote wawili wapo kwa ajili ya elimu, ambayo daima ni tatizo lisilokwisha kutatuliwa. Ujerumani iliweka pia hatua ya pili baada ya udaktari, ambayo humtaka msomi aandike kazi nyingine na kutoa mhadhara mbele ya kitivo ndipo apewe idhini ya kusomesha. Kwa hiyo nchi iliyoupa ulimwengu udaktari wa utafiti haikuuona udaktari huo kuwa unatosha kumfanya mtu mwalimu wa chuo kikuu. Nchi nyingi zilizouiga ziliichukua hatua ya kwanza zikaiacha ya pili.

Max Weber, katika mhadhara wake wa Novemba 1917 mjini Munich juu ya sayansi kama wito, hakuupamba muungano huo. Msomi, alisema, anatakiwa kuwa na sifa mbili, ya utafiti na ya ualimu, na mtu mmoja kuwa nazo zote ni bahati tu. Alijua pia kwamba kijana aliyepewa idhini bila mshahara, akiishi kwa ada za wasikilizaji, alihitaji mali ya nyumbani kwao ili aendelee. Hoja ya bahati ina ushahidi. Isaac Newton alikuwa profesa Cambridge, na karani wake alisimulia kwamba waliokwenda kumsikiliza walikuwa wachache, waliomwelewa wachache zaidi, na mara nyingine alisoma mhadhara mbele ya kuta. Hata hivyo hoja ya Weber inathibitisha kidogo kuliko inavyoonekana. Inaonyesha kwamba sifa mbili hazizaliwi pamoja. Haionyeshi kwamba haziwezi kulelewa pamoja. Aristotle aliona kwamba alama ya anayejua ni kuweza kumfundisha mwingine, kwa kuwa anayejua kwa mazoea tu hawezi kueleza sababu. Kwa kipimo hicho, anayeshindwa kumweleza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa nini swali lake la utafiti ni swali, bado ana jambo ambalo hajalijua katika utafiti wake mwenyewe.

Marekani ilianza kutoa shahada ya uzamivu mwaka 1861, Yale. Miaka 40 na kitu baadaye, mwaka 1903, mwanafalsafa William James aliandika kulalamika kwamba vyuo vimeanza kuidai shahada hiyo kwa kila mwalimu kama pambo la katalogi, na akasimulia habari za kijana aliyeajiriwa kufundisha fasihi kisha akatakiwa kuleta udaktari ambao haukuwa wa fasihi hata kidogo. Mwaka 1990 Ernest Boyer, akiongoza taasisi ya Carnegie ya ufundishaji, alipendekeza kwamba kazi ya usomi ihesabiwe kwa sura nne: kugundua, kuunganisha, kutumia na kufundisha. Mwaka 1993 ukaanzishwa mpango wa kuwaandaa wahadhiri wa baadaye, ambapo wanafunzi wa uzamivu wa vyuo vikubwa vya utafiti walipelekwa kwenye vyuo ambavyo kazi kuu ni kufundisha, wakakaa na walimu wa huko, wakaona ratiba zao na kamati zao. Thamani ya mpango huo iko katika ukweli mmoja: wengi wa wanaohitimu hawafanyi kazi katika chuo kinachofanana na walichosoma.

Afrika Mashariki hali ni kinyume, na ndiyo maana mipango iliyobuniwa Marekani haiwezi kuhamishwa ilivyo. Huku mwanafunzi wa uzamivu mara nyingi ni mtumishi wa chuo tayari. Alichukuliwa akiwa na shahada ya kwanza yenye alama za juu, akawekwa kuendesha semina, akasoma uzamili, akawa mhadhiri msaidizi, na sasa anaandika tasnifu usiku baada ya kusahihisha mitihani. Amefundisha sana kabla ya kufunzwa kufundisha. Hana upungufu wa mazoezi. Ana upungufu wa mtu wa kukaa nyuma ya ukumbi, kumsikiliza, na kumwambia baadaye wapi alipowapoteza wanafunzi. Mfumo uliorithiwa kutoka Uingereza kupitia Makerere, iliyokuwa ikitoa shahada za Chuo Kikuu cha London tangu miaka ya kati ya karne iliyopita, ulimweka mwanafunzi wa tasnifu chini ya msimamizi mmoja, bila masomo ya darasani. Msimamizi akiwa mwema na mwenye nafasi, mfumo huo ni ijaza yenyewe. Akiwa na wanafunzi kumi na vikao vitano, mwanafunzi amezama na kamba haina mshikaji.

Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya iliweka sharti kwamba mhadhiri awe na shahada ya uzamivu. Shabaha ni njema, lakini onyo la James linahusu: sharti la hati huzaa hati. Juhudi zenye uzito zaidi ni zile zilizogusa malezi. Muungano wa CARTA, ulioanza mwaka 2008 na unaoongozwa kutoka Nairobi na Johannesburg, huwakusanya watumishi wa vyuo vikuu vya Kiafrika wanaosomea uzamivu katika afya ya jamii kwa semina nne za pamoja katika kipindi cha masomo yao, tangu kuliunda swali hadi kujiandaa kurudi kazini. Katika taasisi ya utafiti wa jamii ya Makerere, Mahmood Mamdani alianzisha mwaka 2012 uzamivu unaoanza na miaka ya masomo ya darasani. Hoja yake ilikuwa kwamba vyuo vimetawaliwa na kazi za ushauri elekezi, ambamo swali huletwa na mwenye fedha na msomi huajiriwa kutafuta jibu. Anayejibu maswali ya wengine maisha yake yote hawezi kumfunza mwanafunzi kuuliza. Hapo utafiti na ualimu huanguka pamoja, jambo linalodokeza kwamba mzizi wao ni mmoja.

Lipo pia suala la lugha. Katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tasnifu za uzamivu huandikwa kwa Kiswahili, na hilo limethibitisha kwamba lugha hii inabeba hoja za ngazi hiyo. Nje ya fani ya Kiswahili, mtafiti wa udongo au wa malaria huandika kwa Kiingereza, hutetea kwa Kiingereza, na mara nyingi hafiki hata mara moja mahali pa kuwaeleza wakulima au wauguzi waliompa takwimu alichokipata. Julius Nyerere, katika miaka ya 1960, alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta kingine. Deni hilo linalipwa kwa lugha inayoeleweka kijijini. Mhadhara mmoja wa wazi kwa Kiswahili, mbele ya wasio wa fani, ukiwa sehemu ya mtihani wa mwisho, ungempima mtahiniwa kwa namna ambayo watahini watatu hawawezi, kwa sababu mbele ya hadhira hiyo istilahi haziwezi kufunika pengo la uelewa.

Si wote wanaopata idhini watapata kiti. Hilo linaifanya falsafa ya mafunzo kuwa nzito zaidi, kwa maana anayeandaliwa kwa ajili ya cheo pekee, cheo kisipopatikana, hubaki na miaka isiyo na jina. Mwenye ijaza aliweza kusomesha msikitini, barazani au sebuleni kwake, na idhini yake haikupungua. Wengi wa wazamivu wa leo watakwenda wizarani, kwenye mashirika, maabara na shule za sekondari, na huko kote wataulizwa maswali na watu wasiojua.

Kwa wale watakaobaki chuoni, jukumu huja upesi. Baada ya mahafali, daktari mpya hukabidhiwa mwanafunzi wake wa kwanza wa kumsimamia. Usimamizi ndio ufundishaji mgumu kuliko wote, wa mtu mmoja kwa mmoja, kwa miaka, juu ya jambo ambalo msimamizi mwenyewe halijui bado. Na ndio usiofunzwa kabisa. Kila msimamizi humtendea mwanafunzi wake kama alivyotendewa, kwa wema au kwa ukali, kwa kusoma kila sura au kwa kuziacha mezani miezi sita. Silsila hiyo haiandikwi popote, lakini ipo, na inaendelea kila rasimu inaporudishwa.